Washenga Kutoka Juu

Makutupora
29 Julai 2024

Mtani wangu Mbwana,

Kwa niaba ya wakazi wote wa kitongoji hiki, wakubwa kwa wadogo, waliokuwepo na waliolala mapema, natangaza rasmi kwamba tangu Jumamosi hatuna tena mawasiliano na viumbe wa sayari nyingine. Flashi imegoma. Sehemu ya nane ilifika pale mkulima anapofungua dirisha, ikaganda, na mkulima akabaki kinywa wazi kama mtu anayesubiri kulishwa. Watu walimtazama kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Mama Kuluthumu akasema tumwache, huenda anafikiri.

Nairudisha flashi kwa kondakta wa gari la asubuhi, ndani ya bahasha hii. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu yangu ni ya tochi, ukiijaza maneno mengi inazima tochi na maneno pamoja.

Wewe umejifungia huko Nkuhungu kwenye chumba chenye magodoro ukutani, unaingiza sauti yako kwenye sinema za watu, huoni inachofanya ikifika kwetu. Acha nikueleze. Huku ni wakulima wa zabibu. Ukaleta tamthilia ya kale, haina rangi, ya kutoka Ulaya ya mashariki, ambamo chombo kinatoka angani na kutua katikati ya shamba la zabibu. Kibanda changu cha video hakijawahi kujaa hivi. Viumbe watatu warefu wanashuka, wanasimama nje ya uzio na kisanduku chao, na mkulima hawakaribishi. Ulipotuambia kwamba wale ni washenga, wamekuja kumposea mwana wa mfalme wao binti wa mkulima, hakuna aliyeshangaa. Watu watatu, nguo safi, kisanduku mkononi, wamefika langoni na hawaingii, wangekuwa nani tena? Wa ushuru wangeingia.

Na yule jenerali mwenye nishani kifuani, uliyesema ni mjomba wa binti aliyekuja na hasira kwa kuwa hakushirikishwa, huyo ndiye kipenzi cha watu. Wajomba wa hapa sasa wanatembea vifua mbele.

Tatizo ni Mzee Meshack. Anakaa benchi la mbele, mikono juu ya fimbo, na kila washenga wanapoachwa kwenye baridi anasema polepole, "Waache wasimame." Sasa kuna mtu mmoja hapa, simtaji jina, mtu wa makamo, aliyefiwa na mke zamani, ana kazi yake, hana ubaya. Amepeleka washenga kwa Mzee Meshack kumposa binti yake, Anitha. Wameenda mara mbili. Mara zote wamekalishwa nje kwenye gogo, wakapewa maji ya kunywa, wakaulizwa habari za mvua za mwaka jana, wakaagwa vizuri. Ndiyo hakuna, hapana hakuna. Mtu huyo ana hakika mzee anajifunza ukatili kwenye kibanda changu.

Kwa hiyo ninalo ombi dogo. Katika sehemu zilizobaki, huyo mkulima wako alegee kidogo. Simwambii atoe binti. Awaingize ndani tu, wakae kwenye kiti.

Sila Chilongani
Mwenye kibanda

Nkuhungu
1 Agosti 2024

Mgogo wangu,

Flashi haikuwa na kosa. Ilikuwa na ugali. Nimeusafisha kwa kijiti.

Kuhusu ombi lako umeniudhi, na mke wangu Tabu ni shahidi, maana nimeacha chai ikapoa. Mimi ni mfasiri. Sitii chumvi, sipunguzi. Neno likitoka kinywani mwa msemaji nalipokea kama lilivyo na kuwafikishia Watanzania. Nimefasiri Wachina, Wahindi, Wakorea na watu wengine ambao hata kwao sikupajua, na hakuna Mchina hata mmoja aliyewahi kunijia kulalamika. Mkulima akisema hapana, mimi nitasema ndiyo kwa mamlaka ya nani?

Sijui kama Warangi na Wagogo wana utani wa asili. Wetu tuliuanzisha wenyewe pale stendi uliponiuzia zabibu mbichi ukaziita za kisukari. Kwa haki ya utani huo nikuambie juu ya huyo mtu wako. Mtu akishasifiwa kwamba hana ubaya, ujue sifa zimeisha. Anao wazee wa watu, anawatuma wakakae kwenye gogo, yeye kajificha anasikilizia. Ningekuwa Meshack ningewauliza swali moja tu: mwenyewe yuko wapi, anaumwa?

Nakutumia ya nane upya, na ya tisa hadi ya kumi na moja. Msikilizeni sana mkulima katika ya kumi na moja. Amesema jambo zito pale, na nimelifikisha kama lilivyo.

Mbwana, Sauti ya Radi

Makutupora
12 Agosti 2024

Mtani,

Tumelisikia jambo zito. Mkulima alitoka nje na taa, akawatazama washenga watatu, akasema kwa sauti yako ileile ya Kondoa: "Mwambieni mwana wa mfalme aje mwenyewe." Kibanda kikalipuka. Wanawake walisema ndiyo, wanaume walitazama chini.

Juzi yule mtu niliyekueleza akawatuma washenga kwa mara ya tatu. Kwenye gogo, maji, mvua za mwaka jana. Walipokuwa wanasimama kuaga, Mzee Meshack akawatazama mikono, mmoja mmoja, akasema: "Mwambieni aje mwenyewe."

Neno kwa neno, Mbwana. Hata pumzi alivutia pale ulipovutia wewe. Sasa yule mtu hali vizuri. Amekonda mpaka mkanda umefika tundu la mwisho.

Na hilo ndilo dogo. Mzee Optatus amerudi. Humjui. Ni mtaalamu wa mizabibu, amestaafu, na alikuwa Dar kwa mwanawe akitibiwa nyonga. Alipokuwa kijana alisomea zabibu Bulgaria. Juzi alikuja kibandani na fimbo yake, akakaa nyuma, akafumba macho. Mimi nikajua amelala. Mara akacheka mahali ambapo hakuna anayecheka. Akacheka tena jenerali alipokuwa analia. Watu walipotoka akanishika mkono, akaniambia chini ya sauti yako wale watu wanasikika bado, na wanachosema ni Kibulgaria, na yeye Kibulgaria amekila miaka minne.

Wale si washenga. Chombo chao kilipotua kiliunguza safu kadhaa za mizabibu, na tangu sehemu ya kwanza wanaomba radhi. Ndani ya kisanduku ni miche ya kufidia. Mkulima anawajibu kila mara kwamba huu si msimu wa kupanda. Jenerali si mjomba wa mtu. Nikamuuliza, na binti je? Mzee Optatus akanitazama kwa huruma, akasema, "Sila, yule ni mkewe."

Kwa hiyo, mtani, kwa muda wote huu tumekaa gizani, na wachungaji wawili tukiwa nao, tunawashangilia watu wanaomposa mke wa mtu mbele ya mumewe.

Hajamwambia mtu bado. Naomba unijibu kiume: hiyo lugha unaijua?

Sila

Nkuhungu
15 Agosti 2024

Ndugu Sila,

Kuijua lugha ni jambo pana. Kuna wanaoijua kwa mdomo, kuna wanaoijua kwa sikio. Mimi hii naijua kwa macho.

Nilipoiweka mara ya kwanza nilizima sauti, nikatazama. Watu watatu wamefika kwa mtu, wamesimama nje, wanaongea kwa unyenyekevu, hawakasiriki wakifukuzwa, kesho wanarudi. Nikamuita Tabu, nikamuuliza hawa wanataka nini. Tabu hakuacha hata kuchambua mchele. Akasema, "Wanataka mke, wanataka nini kingine." Basi. Mzee Optatus alisikia maneno, sisi tuliwasikia watu. Nani kati yetu aliwajaza watu kibandani kwako? Miche kwenye sanduku! Nenda katangaze kesho sinema ya kuomba radhi kwa ajili ya miche, uone utakaa na nani.

Tuyaache hayo. Kuna jambo nimelisoma kwenye barua yako mara mbili, nikampa Tabu naye alisome. Unajuaje mkanda wa mtu umefika tundu la mwisho?

Kama ni wewe, sema. Maana maneno ya "aje mwenyewe" sikuyatoa kwa mkulima, mkulima pale alikuwa anapiga miayo. Niliyaweka mimi, kwa hasira niliyokuwa nayo juu ya huyo mwoga unayemtetea. Nimekuchimbia shimo kwa sauti yangu mwenyewe, na nauli ya kondakta aliyekuletea umelipa wewe mwenyewe.

Nenda. Vaa koti. Usiseme sana, wewe ukisema sana unaanza kuchekesha, na posa si mahali pake.

Halafu niambie Mzee Optatus anataka nini ili anyamaze. Kila mstaafu anacho anachotaka.

Mbwana

Makutupora
26 Agosti 2024

Mtani,

Ni mimi.

Nilivaa koti la kipaimara cha mdogo wangu na viatu vya kanisani. Nilimkuta Mzee Meshack kwenye lango la shamba. Nikamwamkia. Akaitikia, akanitazama kuanzia juu, akafika kwenye viatu, akakaa hapo kidogo. Hotuba nilikuwa nimeiandaa, ilikuwa na methali. Kabla sijafungua mdomo akanyoosha fimbo kuelekea safu za mwisho, ambako kreti za zabibu zilikuwa zimepangwa, akasema, "Umekuja. Vizuri. Anzia kule."

Nilianzia kule. Nilibeba kreti kutoka shambani hadi nyumbani kwake, nikiziweka mlangoni alipoelekeza, mpaka kola ya koti ikawa ya zambarau. Anitha alikuwa anachuma, kilemba kimefungwa mpaka kwenye nyusi, mkasi unalia tu. Alinipita mara nyingi. Alisema nami mara moja. Aliniambia, "Shika chini, utaangusha." Nimelitafakari neno hilo siku nyingi sana. Mchungaji akilisema, lina mahubiri matatu.

Jioni nikangoja. Mzee akaniambia, "Kesho uwahi." Nikawahi. Nimewahi mpaka leo. Wazee wa hapa wamenielewesha kwamba ni mtihani, na kwamba zamani mkwe alikuwa analimishwa kabla hajajibiwa, ila hakuna anayekumbuka mtihani unaisha vipi. Wapita njia wananipungia mkono kama mtu aliyefungwa. Usiku nikifika kibandani mikono haiwezi kushika rimoti. Anayebonyeza ni Mama Kuluthumu, na anapenda kurudisha nyuma.

Mzee Optatus. Nilidhani anataka kukaa bure, kumbe hilo analo tayari. Anataka kitu kimoja. Inamuuma kwamba katika sehemu ya sita mshenga wa kati anamsifia mkulima jinsi alivyopogoa mizabibu yake. Anasema ule ni upogoaji wa ovyo, machipukizi yameachwa marefu, na watu wa hapa wameanza kuuiga kwa sababu wameuona kwenye sinema. Yuko tayari kumeza Kibulgaria chote kama mshenga atarekebisha kauli. Na kama nafasi ipo, agusie ubwiri unga, ule ukungu mweupe unaoshika majani, na kupulizia salfa mapema.

Sasa la kwangu. Sehemu ya kumi na mbili, mwana wa mfalme apewe mtihani na aushinde. Ya kumi na tatu, mkulima aseme ndiyo. Aseme kwa sauti, akiangalia benchi la mbele. Sipendi kuonekana nimeomba. Lakini naomba.

Mambo haya usimweleze mtu, Tabu peke yake.

Sila

Nkuhungu
30 Agosti 2024

Mkwe mtarajiwa,

Zipokee ya kumi na mbili na ya kumi na tatu. Sijawahi kufanya kazi kama hii, na koo linauma.

Ya kumi na mbili ilinitesa kwa sababu hakuna anayefanya kitu. Kiumbe mmoja amechuchumaa anatazama udongo kwa muda mrefu kupita kiasi. Nimesema huyo ndiye mwana wa mfalme, alikuwa amejificha miongoni mwa washenga, na mkulima amemwambia asiinuke mpaka aambiwe. Anapoinuka, nimesema ameshinda. Nimempa mkulima maneno haya: "Kijana huyu ana mgongo." Utayapenda.

Ubwiri unga umo. Mshenga wa kati ameueleza mwanzo hadi mwisho, na salfa, na upogoaji wa machipukizi mawili mawili. Tabu anasema nimetumia sauti ya mhubiri wa mkutano wa hadhara. Mwambie Mzee Optatus deni la sayansi limelipwa.

Ya kumi na tatu, tuliza moyo. Picha ni picha, Sila, siwezi kuigeuza. Wale watu wanapanda chombo chao wanaondoka. Sanduku wameliacha kwenye uzio. Binti, yaani mke, amebaki amesimama na mkulima. Nilikaa na jambo hili usiku kucha. Mwisho nikaona mkulima anainua mkono anawapungia, nami nikapata mlango wa kutokea. Hakuna anayewapungia mkono watu aliowanyima binti. Kwa hiyo washenga hawajaondoka, wametangulia kuandaa harusi. Mkulima anasema ndiyo, waziwazi, mara mbili. Na sanduku ndiyo posa, imepokelewa.

Nimemwambia Tabu, kama Meshack halegei kwa hiyo, halegei kwa lolote linalopita kwenye spika.

Mbwana

Makutupora
9 Septemba 2024

Mtani,

Tumemaliza. Watu walisimama mpaka nje, wengine juu ya tofali. "Kijana huyu ana mgongo" ilirudishwa mara nne na Mama Kuluthumu kwa hiari yake. Wakati wa ubwiri unga wanaume wawili walitoa karatasi wakaandika, na Mzee Optatus alifunga macho kama mtu anayepokea baraka. Mkulima aliposema ndiyo, vigelegele vilipigwa, na chombo kilipopaa Mama Kuluthumu aliwaambia wasisahau kuleta udi wa harusi.

Mimi sikuwa natazama skrini. Nilikuwa natazama kisogo cha Mzee Meshack. Mkulima akasema ndiyo ya kwanza, kisogo kikatulia. Akasema ndiyo ya pili, kisogo kikatulia. Taa zikawashwa. Akainuka, akajinyoosha, akaniambia, "Zimeisha hizo?" Nikasema zimeisha, mzee. Akasema, "Haya," akaenda zake.

Nikaendelea kubeba. Jana jioni, nilipoweka kreti ya mwisho kwenye gari la mnunuzi, akanifuata. Nikavua kofia. Nilijua sasa ndiyo sasa. Akaniambia, "Kesho usije."

Basi, Mbwana. Kesho yenyewe ndiyo leo, na sikwenda. Kibanda nimekifunga, nimelala nikitazama bati. Sikulaumu wewe. Ulisema ndiyo mara mbili, mtu mwingine angesema mara moja. Nasikitika tu kwamba nilishamzoea yule mwanamke akinipita na mkasi wake. Hakuna alichoniahidi, na bado naona kama nimenyang'anywa.

Flashi nitairudisha nikipata nguvu. Ukituma nyingine, isiwe ya anga. Tuma za ngumi, ambako mtu akipigwa anajua amepigwa.

Sila

Makutupora
17 Septemba 2024

Kaka Mbwana,

Shikamoo. Hunijui kwa sura, mimi ni Anitha, binti wa Mzee Meshack. Nakurudishia flashi yako. Sila yuko hapa nje na wazee, hawezi kuandika, ameshachana karatasi tatu. Kila anayoianza inasema baba amekubali kwa sababu ya sehemu ya kumi na tatu, na kwamba wewe ni mfasiri mkubwa kuliko wote kutoka Kondoa mpaka Dodoma. Nimemwomba aniachie kalamu.

Baba amejibu posa juzi Jumapili baada ya ibada. Amesema ndiyo. Wewe na mama Tabu mnakaribishwa, tarehe mtaambiwa.

Mimi tamthilia yenu sikuiona hata sehemu moja, wakati wake nilikuwa nimechoka. Baba aliiona yote, lakini anasema hakufuata, watu wanaongea sana, na benchi la mbele linamsaidia mgongo.

Siku ile ya kwanza walipokuja washenga, baba aliniuliza jioni hiyohiyo, nami nikamjibu nakubali. Ila nilimwambia asiseme mpaka zabibu zichukuliwe, kwa sababu tuko wawili tu shambani, mnunuzi alikuwa anatupiga kalenda, na posa ikijibiwa watu wanaanza kuja nyumbani kila siku, wanataka chai. Baba si mtu wa kueleza. Alimwita Sila mwenyewe kwa sababu wale washenga ni wazee, hawawezi kubeba. Alimwambia asije kwa sababu kreti zilikuwa zimeisha.

Haya yote nimemweleza Sila. Ameniuliza, kama ndivyo, kwa nini basi washenga wake waliachwa nje mara tatu, hata kiti hawakupewa. Nimemshika mkono nikampeleka ndani akaone sakafu, bado ina madoa. Kreti zilijaa kuanzia mlangoni mpaka juu ya kitanda cha baba. Hata sisi tulikuwa tunalala nje.

Anitha Meshack